Massaman ya Pale Msikiti wa Haroon

Mwaka 2018 mjomba wangu alikuwa na mzigo wa mawe ya thamani kutoka Bonde la Umba, akaamua kuupeleka Bangkok mwenyewe badala ya kuwaachia madalali. Nikajilipia tiketi nikafuatana naye. Yeye alifuata wanunuzi wa yakuti kwenye ofisi za mtaa wa Mahesak, karibu na Silom. Mimi ni mpishi wa shughuli pale Tanga, nilifuata chakula.

Ilikuwa Shaabani, Ramadhani inabisha hodi, na joto la Aprili la Bangkok halina mchezo. Mjomba alishaapa kwamba hatakula kitu cha barabarani. Kila kibanda alikiona kina nguruwe, na kusema kweli vingi vinaye, hata kwenye supu ya tambi ambayo huwezi kuijua kwa kuitazama. Akawa anaishi kwa mayai ya kuchemsha, mkate na ndizi. Mimi nilikuwa nimejitafutia som tam, papai bichi linalopondwa kwenye kinu cha udongo kwa mchi wa mti, pamoja na pilipili, ndimu, karanga na uduvi mkavu. Tom yam ya kamba nayo nilikwisha kuinywa, ile supu ya mchaichai na ndimu inayopanda puani kabla hujameza. Vyote vitamu. Ila roho iliniuma kumwona mtu mzima anakula mayai katika mji unaonukia vile.

Ijumaa tukaenda kuswali Msikiti wa Haroon, ndani ya vichochoro karibu na mto Chao Phraya, nyuma ya jengo la zamani la forodha. Tulipotoka, kichochoro chote kilikuwa meza na masufuria. Wanawake wa mitandio wanapakua, wanaume wa kofia wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mjomba akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Mwanangu, hii harufu ni ya kwetu."

Tukaketi kwa mama mmoja wa makamo. Mjukuu wake, binti wa chuo anayejua Kiingereza, akatuambia tumwite Pa, maana ndivyo wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri mama zao. Akatuletea khao mok: wali wa manjano uliopikwa pamoja na kuku, juu vitunguu vya kukaanga, pembeni matango na sosi ya kijani ya nanaa, kotmiri, pilipili na siki. Biriani, lakini nyepesi, na ile sosi ndiyo inayoubeba wali. Kisha ikaja bakuli ya massaman, mchuzi wao wa nyama ya ng'ombe. Mjomba alichota kijiko kimoja, akanyamaza, akavuta bakuli upande wake.

Ndani mlikuwa na mdalasini, karafuu, iliki na bizari nyembamba, yaani kabati langu zima la viungo. Ukwaju umo, nazi imo. Halafu kuna karanga nzima, viazi, na utamu wa sukari ya mnazi ambao kwetu tusingethubutu kuutia kwenye mchuzi wa nyama. Mapishi haya ni ya siku nyingi. Yametajwa katika shairi la vyakula alilotunga Mfalme Rama wa Pili wa Thailand, miaka zaidi ya 200 iliyopita, akisifia harufu yake ya bizari. Niliposema kwamba mimi pia ni mpishi, Pa akanitazama mikono, akacheka, akamwambia mjukuu wake nije kesho asubuhi.

Nikaenda. Jiko lake lilikuwa uani, dogo, safi, na mbuzi ya kukunia nazi pembeni. Ya kwao imechongwa kwa umbo la sungura. Hakuitumia siku ile. Nazi alikuwa ameinunua sokoni imekwisha kukunwa kwa mashine. Akakamua tui zito akaliweka kando, akaongeza maji, akakamua la pili. Hapo nilikuwa nyumbani kabisa. Nyama ikaingia kwenye tui jepesi pamoja na iliki, ikaachwa moto mdogo. Iliki yao ni ya mviringo, nyeupe, imevimba kama njegere, na harufu yake ni ya upole kuliko hii yetu ya kijani.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Kwetu kasimile, yaani tui zito, hutiwa mwisho. Mchuzi ukishaiva ndipo unalitia, unakoroga polepole, unaepua upesi lisikatike. Tangu utotoni bibi alinifunza kwamba tui likikatika umeharibu. Pa alichukua lile tui zito, la kwanza, akalimimina peke yake kwenye karai la moto. Likachemka, likawa na mapovu makubwa, kisha madogo, sauti ikabadilika kutoka kuchemka ikawa kukaanga. Likakatika. Mafuta yakajitenga, yanang'aa juu, na chini yamebaki machicha meupe laini. Nilitaka kumshika mkono. Yeye akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akatia rojo alilolitwanga: pilipili kavu zilizorowekwa, vitunguu na saumu vilivyochomwa, mchaichai, viungo vilivyokaangwa vikavu, na kipande cha uduvi uliosagwa na kuchacha. Likakaangwa ndani ya mafuta yale ya nazi mpaka likawa jekundu lililokolea na jirani akachungulia dirishani.

Nimepika harusi za watu wengi, na nasema hivi kwa dhati: ile harufu ya viungo vinavyokaangwa katika mafuta ya tui lililokatika, mafuta ya chupa hayaitoi. Ndiyo inayoifanya massaman iwe massaman. Baada ya hapo ilikuwa kuchanganya tu na nyama, viazi, vitunguu vizima vidogo, karanga, kisha ukwaju, sukari na mchuzi wa samaki, anaonja, anaongeza, anaonja tena.

Tulipokuwa tunangoja viazi vilainike, Pa akauliza sisi iliki tunaitia wapi. Nikamtajia pilau, chai, mahamri. Mahamri yakamshangaza. Iliki kwenye mkate? Unga wa ngano alikuwa nao, maana hupika roti ya kulia mchuzi huohuo. Mjukuu akatumwa dukani kuleta hamira. Nikakanda kwa tui lililobaki, na kwa joto lile unga ukaumuka upesi. Nilipoanza kukaanga na mahamri yakavimba moja baada ya jingine, watoto wa kichochoro wakaanza kuingia bila kuitwa. Walikula ya kwao kwa maziwa mazito ya kopo, kama wanavyokula roti, na yanafaa sana. Tangu hapo nami wakati mwingine huyaandaa hivyo.

Mjomba alifika saa sita, ametoka Mahesak, jiwe moja kubwa limepata mnunuzi. Akakaa mkekani, akachovya hamri kwenye massaman, akala kimya. Pa akamwongeza nyama bila kuulizwa.