Gari la rimoti haliendi? Pima kwenye mota kabla hujagusa bodi

Kigari cha rimoti kikifika mezani kwa fundi, maelezo ni yaleyale: "Haliendi." Mwenyewe ameshabadilisha betri, ameshalitikisa, na mara nyingi ameshalifungua na skrubu mbili hazionekani. Kisha ananyooshea bodi kidole na kusema imeungua. Bodi huungua, sikatai. Lakini iwe ya mwisho kushukiwa, kwa sababu kipimo kimoja cha testa, ile mita ya kupima volti na omu, kinamaliza ubishi mapema.

Hapa nasemea magari ya kuchezea ya kawaida: mota moja ya kusukuma nyuma, usukani mbele, na bodi moja inayopokea mawimbi na kuendesha yote mawili. Yale ya mashindano, yenye servo (mota maalumu ya kugeuza usukani) na kidhibiti cha mota kilicho kando, ni habari nyingine.

Fungua ganda la juu, lipandishe gari juu ya kikombe ili magurudumu yaning'inie. Weka testa kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya mota ya nyuma, kisha mtu mwingine abonyeze rimoti mbele. Gari la betri nne za AA likupe volti 4 hadi 6. La pakiti ya Ni-Cd (betri za kuchaji za nikeli na kadimi) ya volti 4.8 likupe kama 4. Volti zikifika na mota ikae kimya, ugonjwa uko kwenye mota. Mota ikizunguka na gurudumu lisizunguke, ugonjwa uko kwenye gia. Volti zisipofika kabisa, rudi nyuma kuelekea betri, na hapo tu ndipo bodi inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Gia kwanza, maana ni rahisi na hudanganya watu wengi. Ile gia ndogo ya plastiki kwenye shafti ya mota hupasuka. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, kati ya meno mawili, huuoni mpaka uizungushe kwenye mwanga. Dalili yake: mota inalia juu, gari linajikokota au halisogei kabisa, na ukiligeuza magurudumu juu linazunguka vizuri kwa sababu halina mzigo. Usitie supa gluu. Ufa utafunguka tena, na gundi ikiteremka kwenye shafti itaingia ndani ya mota na kuigandisha. Sasa una matatizo mawili. Hesabu meno, tafuta gia ya shaba yenye meno yaleyale na tundu la milimita 2, ambalo ndilo saizi ya shafti ya mota nyingi za namna 130, zile ndogo za magari ya kuchezea. Igonge taratibu huku ukiegemeza ncha ya pili ya shafti kwenye kitu kigumu, la sivyo utasukuma rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, itoke mahali pake.

Mota yenyewe: chomoa waya wake mmoja, pima omu huku ukizungusha shafti kwa vidole polepole. Namba itacheza kidogo, omu chache tu. Ikifika mahali pamoja ikakatika kabisa, brashi (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota) zimekwisha au kuna koili imekatika. Ni ile mota ambayo haianzi mpaka uisukume kwa kidole. Unapobadilisha, angalia volti zake, si umbo peke yake. Mota za 130 zinafanana kama mapacha, lakini ya volti 3 ikiwekwa kwenye gari la volti 6 itakwenda mbio kwa siku mbili tatu na kuivuta bodi umeme mpaka iungue.

Na ukihamisha mota, hamisha pia kapasita ndogo zilizochomelewa mgongoni, zilizoandikwa 104. Wengi huzitupa wakiona ni uchafu. Kazi yake ni kuzima kelele ya umeme inayotoka kwenye brashi. Bila hizo usukani unatetemeka kila ukikanyaga mbele, na rimoti iliyokuwa inafika mita 15 inafika tatu.

Sasa upande wa betri. Betri za bei rahisi za redio na saa ya ukutani hazifai gari. Volti zake zikipimwa bila mzigo zinaonekana sawa, lakini mota ikidai umeme zinaanguka, saketi inazima, mota inasimama, volti zinapanda, saketi inawaka tena. Unaona gari linakwenda kwa kusitasita, nawe unalaumu rimoti. Tumia alkalini, au pima volti za betri mota ikiwa inazunguka, si ikiwa imelala.

Swichi nayo ni mwizi wa kimyakimya. Iwashe, endesha mota, kisha pima volti kati ya miguu miwili ya swichi yenyewe. Swichi nzima ionyeshe karibu sifuri. Ukikuta nusu volti imekwama hapo, ndani pameungua: isafishe kwa spiriti ukiichezesha, au ibadilishe. Springi za betri zilizoota unga mweupe kutokana na alkalini iliyovuja zipakwe siki kidogo kwa pamba, zifutwe kwa spiriti, zikauke, zikwanguliwe kwa msasa laini. Waya vuta mmoja mmoja kwa upole. Hukatika pale pale zinapoingia kwenye risasi ya kuchomelea, na plastiki ya nje huficha mkatiko.

Kabla hujaihukumu bodi, hakikisha rimoti inatuma. Rimoti za zamani huandikwa 27 au 49 chini yake, yaani megahezi. Kama nyumbani bado kuna redio ya masafa mafupi ambayo mshale wake unafika 27, iweke karibu na rimoti ya 27 na ubonyeze: utasikia mlio wa kukwaruza unaobadilika kila kitufe. Ukiusikia, rimoti ni nzima. Gari la 27 mara nyingi hukubali rimoti nyingine ya 27, hasa kama rimoti zina IC (chipu) ya TX-2B na magari yana RX-2B. Ndiyo maana watoto wawili wenye magari hayo hugombana, kila mmoja akiendesha la mwenzake. Za 2.4 GHz ni tofauti. Kila rimoti hufunga ndoa na bodi yake, kwa hiyo ikipotea mara nyingi unanunua bodi na rimoti pamoja. Taa ya rimoti ikiendelea kumetameta hawajaonana: zima vyote, washa tena vikiwa karibu, na kama haijakubali geuza utaratibu wa kipi kinawashwa kwanza.

Bodi ikithibitika kuwa ndiyo mbovu, tazama transista nne zinazoendesha mota ya nyuma. Gari linakwenda mbele lakini nyuma halirudi: upande mmoja umekufa. Gari linakimbia lenyewe mara tu unapoliwasha: kuna transista imeshikana, yaani inapitisha umeme muda wote. Kwenye bodi nyingi ni jozi za SS8050 na SS8550. Hapa ndipo mafundi huumia, kwa sababu dukani unapewa S8050, herufi moja pungufu. SS8050 hubeba ampea 1.5, S8050 ni nusu ampea. Itafanya kazi mezani na kuungua uwanjani. Zile ndogo za kubandikwa, SS8050 huandikwa Y1 na SS8550 huandikwa Y2. Ukiona J3Y, hiyo ndiyo S8050, iache.

Kisha jiulize kwa nini zimeungua, maana haziungui bure. Zungusha ekseli kwa mkono. Nywele na nyuzi za zulia hujiviringisha kati ya gurudumu na ganda la gari mpaka gari linakaba, na mota iliyokabwa huvuta umeme mara kadhaa kuliko inayozunguka. Pwani ni mchanga, na mbaya zaidi ni maji ya chumvi. Gari lililoingia baharini lisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi betri zikiwa zimetolewa, siku hiyohiyo.

Jambo moja la hatari: usibadilishe pakiti ya Ni-Cd kwa betri ya lithiamu ukabaki na chaja ileile. Seli ya lithiamu isipite volti 4.2, na chaja nyingi za Ni-Cd za magari haya hazijui kukata. Hapo ni moto. Lithiamu iliyovimba haichajiwi tena.

Ukishachomelea transista mpya, usiunge betri moja kwa moja. Pitisha waya wa chanya kwenye balbu ya indiketa ya pikipiki, ya volti 12. Balbu ikiwaka hata kwa hafifu kabla hujabonyeza rimoti, bado kuna mahali pameshikana. Ikikaa imezima, itoe, unga betri, na ulishushe gari chini.