Omeprazole ya miaka: kiungulia unachokipata ukiiacha kinatoka wapi?

Kawaida omeprazole ya kiungulia huandikwa kwa wiki 4 hadi 8. Lakini kwa kuwa inapatikana duka la dawa bila cheti cha daktari, wengi huendelea kuimeza miaka na miaka, na sababu wanayoitoa ni moja: "Nikiacha siku tatu tu, kifua kinawaka moto."

Moto huo mara nyingi umeletwa na dawa yenyewe. Omeprazole hufunga pampu zinazomwaga tindikali tumboni. Tindikali ikipungua, mwili huongeza homoni ya gastrini, nayo hukuza seli zinazohusika na kutengeneza tindikali. Siku ukiacha, pampu zinafunguka huku seli zimeongezeka, na tindikali inamwagika zaidi kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio kwa watu wazima wasio na shida yoyote ya tumbo. Waliopewa esomeprazole, dawa ya jamii moja na omeprazole, kwa wiki 8 kisha wakaachishwa, asilimia 44 walipata dalili kama kiungulia. Kwa waliopewa kapsuli zisizo na dawa ilikuwa asilimia 15. Kwa hiyo kiungulia cha wiki za mwanzo baada ya kuacha hakithibitishi kwamba bado unaihitaji.

Kuhusu madhara, tusitishane. Jaribio moja kubwa la pantoprazole, nayo ya jamii hiyohiyo, lenye watu zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 3, halikuona ongezeko la kiharusi, ugonjwa wa figo, kusahau kwa uzeeni wala kuvunjika mifupa. Kilichoongezeka ni maambukizi ya utumbo, kwa kiasi kidogo. Hilo lina maana kwetu, kwa sababu tindikali ndiyo mlinzi wa mlango: ikipungua, vijidudu vya kipindupindu na salmonela hupita kirahisi. Anayetumia dawa hizi achemshe maji ya kunywa bila kukosa.

Yapo mengine yasiyo ya kawaida ila yanajulikana. Vitamini B12 hupungua baada ya miaka 2 au zaidi, hasa kwa mwenye kisukari anayemeza na metformin. Ganzi ya miguu inayoletwa na upungufu huo inaweza kudhaniwa ni kisukari peke yake. Magnesiamu hushuka, mara nyingi baada ya mwaka, zaidi kwa wanaotumia dawa za presha za kukojosha: misuli hukaza, mikono hutetemeka, moyo hudunda ovyo. Omba kipimo cha damu. Figo kuvimba ni nadra, lakini kunaweza kutokea hata ndani ya wiki chache.

Kosa la kila siku ni muda wa kumeza. Pampu huamshwa na chakula, hivyo dawa imezwe nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Ukiimeza usiku baada ya ugali itafanya kazi nusunusu, nawe utaongeza dozi bure.

Ukitaka kuacha, mwambie kwanza daktari. Kwa kawaida, wa miligramu 40 hushuka hadi 20 kwa wiki 2, kisha siku moja anameza, moja anaruka, kwa wiki 2 nyingine. Usitafune kapsuli wala kusaga chembe zilizomo. Kiungulia kikija katikati, tafuna magnesium trisilicate, kidonge cha kutuliza tindikali. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, aimeze dolutegravir saa 2 kabla ya magnesium trisilicate au saa 6 baada yake, la sivyo ARV hiyo haitafyonzwa vizuri. Na ukienda kupima choo kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, uwe umeacha omeprazole wiki 2 kabla. Vinginevyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao.

Wapo wasiopaswa kuacha: aliyewahi kutokwa damu kwa vidonda na bado anatumia aspirini au diclofenac, na mwenye michubuko mikali ya koo la chakula.

Chakula kikianza kukwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usiongeze dozi. Saratani ya koo la chakula ni nyingi Afrika Mashariki, na omeprazole inaweza kutuliza maumivu huku uvimbe ukikua. Kwa damu au choo cheusi, nenda hospitali mara moja; kwa dalili nyingine, omba endoskopi, kipimo cha kamera kinachoangalia koo la chakula na tumbo, wiki hiyohiyo.