Nilivyokataa pesa ya kangomba mume wangu akiwa kitandani

Ushauri ulionikera kuliko wote ni huu: "Muachie Mungu tu." Anayeusema huwa ameshiba. Mimi nilimtumaini Mungu, na ndiko nilikopata nguvu ya kusema hapana, lakini kumtumaini kuna kazi yake, na hiyo kazi hakuna aliyenieleza.

Tunakaa Ndanda, mkoani Mtwara, wanakoishi wamonaki Wabenediktini tangu 1906. Mwaka ule mume wangu aliumia mgongo akawa mtu wa kulala. Mikorosho tulikuwa tumeshaipulizia salfa, maua yakaja vizuri, ila ndani hamna kitu na binti anadaiwa ada chuoni. Wenzangu wa kusini mnajua huo ni wakati wa nani. Mtu wa kangomba anakuletea pesa korosho zikiwa bado mtini, msimu ukifika anakuja na kipimo chake, anabeba mzigo kwa bei ya kutupa. Serikali inakataza, lakini njaa haina masikio.

Kwangu alikuja shemeji yangu mwenyewe. Alikaa mkekani, akatoa noti za elfu kumi kumi, akazipanga karibu na mguu wangu moja baada ya nyingine, polepole, mpaka nikajikuta nazihesabu kwa macho. "Shemeji, Mungu hajakataza mtu kula." Nikamwambia nitafikiria. Akazikusanya, akasema atarudi, na kweli akawa anarudi kila jioni. Asubuhi najiapiza kwamba leo simsikilizi. Jioni nikisikia pikipiki yake, nguvu zote kwisha.

Mambo yalibadilika Ijumaa moja kwenye jumuiya, kikundi chetu cha sala cha Wakatoliki majirani, tukisali matendo ya uchungu ya rozari. Tendo la kwanza, Yesu bustanini Gethsemane, lilinishika nisiweze kuendelea. Bwana aliomba mara tatu kwa maneno yale yale, wenzake wamelala, akamweleza Baba wazi kwamba kikombe kile hakitaki. Yuda alipofika na watu wenye marungu, Yeye alikuwa ameshamaliza. Aliinuka akaenda kuwakabili. Danieli naye aliazimu moyoni kabla hajaonja chakula cha mfalme. Mimi nilikuwa nasubiri pikipiki ifike ndipo nianze vita!

Basi nikahamishia vita alfajiri. Njiani kwenda shamba, rozari mkononi, namwambia Mungu yote, hata kwamba zile noti nazitaka. Usione haya kurudia maneno yale yale kila siku. Nikimaliza namkabidhi siku ile moja tu. Ya kesho nilikuwa siigusi.

Halafu nikaomba zamu ya jumuiya ije nyumbani kwangu, tena saa ile ile anayokuja shemeji. Nafurahi mpaka leo nikikumbuka. Alikuta mikeka imejaa akina mama, mlango hauna pa kupita, wakampisha akae katikati, wakampa na kitabu cha nyimbo. Ulipofika wakati wa kutaja nia za maombi nikasimama, nikasema mbele ya wote: "Korosho za nyumba hii zitapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Nimeshamwahidi Mungu, naombeni mnisaidie kusimama." Wakajibu, "Ee Bwana, utusikie." Shemeji naye alijibu.

Pesa haikushuka kutoka mbinguni. Nilipalilia mashamba ya watu, nikauza mihogo, chuo kikakubali tulipe kidogo kidogo. Msimu ulipofika akina mama wale wale walikuja kuokota na kutenga mabibo. Tukaanika, tukachambua, tukapeleka, nikapewa stakabadhi. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kungoja mnada wa kuziuza, maana maneno ya mtaani hayana huruma: mara bei imeanguka, mara malipo hayaji. Hapo nilishika Zaburi ya 112, pale inaposema mwenye haki haogopi habari mbaya kwa kuwa moyo wake u imara. Niliisema kwa sauti nikipika, mume wangu akawa anaitikia kutoka chumbani.

Hela iliingia benki baada ya majuma kadhaa. Ada ikaisha, ikabaki ya salfa na akiba kidogo.

Shemeji hajanuna. Na wewe ukiwa na mtu wa namna hiyo, omba jumuiya ije kwako mapema, mikorosho ikianza tu kutoa maua, maana ndipo wanapoanza kuzunguka.