Rejesta 41, ripoti 47

Siku ya tatu ya mafunzo ya wawezeshaji wa ubora wa takwimu za afya, hapa Dodoma. Leo tumeweka projekta kando, tukafungua rejesta zenyewe za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kazi ilikuwa moja: hesabu wajawazito wa hudhurio la kwanza mwezi mzima, linganisha na ripoti iliyoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Rejesta 41, ripoti 47. Ukumbi kimya. Tukarudia kwa rula, mstari kwa mstari: 41. Kumbe sita ni wa marudio, wamehesabiwa kama wapya!

Muuguzi mmoja akacheka, "Mwalimu, niko peke yangu zahanati, foleni hadi mlangoni. Ripoti naijaza usiku kwa tochi ya simu."

Nilikuwa na slaidi nzima inayoitwa "Uzembe". Nimeifuta. Kesho yeye ndiye anafungua kipindi.