Nilivyojifunza kuihoji hofu yangu

Hofu ilikuwa ikinijia ghafla: moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata, na wazo ni moja tu, nakufa. Vipimo vya moyo vilirudi safi. Ndipo daktari akanielekeza kwa mwanasaikolojia anayetumia tiba ya utambuzi, yaani tiba ya mazungumzo inayokufundisha kuyachunguza na kuyahoji mawazo yako, ile iliyoasisiwa na Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960. Beck aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walisongwa na mawazo ya papo kwa papo ambayo waliyaamini bila kuyahoji.

Kazi ilianzia kwenye daftari. Unaandika tukio, wazo lililokujia, na ukali wa hofu kuanzia 0 hadi 100. Kisha ushahidi wa kuliunga mkono wazo hilo na wa kulipinga. Siku moja niliandika: "Nimepanda ngazi. Wazo: moyo unasimama. Hofu: 90." Upande wa kuunga mkono: "Unadunda sana." Upande wa kupinga: "Nimetoka kupanda ngazi! Vipimo ni safi. Hali hii imenipata mara nyingi na bado ni mzima." Nilipopima tena, 55. Hofu ilikuwepo, ila sasa niliweza kuendelea na shughuli zangu.

Kilichonifungua macho hasa ni zoezi la kupumua haraka haraka kwa makusudi, baada ya daktari kuthibitisha kwamba ni salama kwangu. Muda si muda, ganzi ileile, kizunguzungu kilekile. Mwanasaikolojia akaniuliza kwa upole, "Haya, na huu nao ni moyo?" Kumbe pumzi za haraka hupunguza kabonidayoksaidi kwenye damu, na dalili zile hutokana na hapo. Mwili unashtuka, wazo linasema ni kifo, hofu inapanda, mwili unashtuka zaidi.

Sehemu ngumu ilikuwa kuachana na vikinga vyangu: chupa ya maji, simu mkononi, kiti cha karibu na mlango. Kila kimoja kilinifanya niamini kuwa ndicho kilichoniokoa. Niliviacha kimoja kimoja, nikakaa na hofu mpaka ikashuka yenyewe.

Kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu umeanza tiba hii. Viwili hivyo huweza kwenda pamoja. Na kabla hujaanza, muulize mtaalamu kama atakupa mazoezi ya kufanya nyumbani, maana sehemu kubwa ya tiba hii hufanyika nje ya chumba chake.