Nyumba ya bibi Mkomani na mchanga wa Shela

Nimerudi Lamu baada ya miaka mingi Maskati, na jambo lililonigusa kuliko yote ni ubaridi wa ukuta. Kule, kiyoyozi kikizimika mchana wa kiangazi, chumba hakikaliki. Hapa ni mwezi wa pili, jua kali, kaskazi inavuma, na ndani ya nyumba ya marehemu bibi, mtaa wa Mkomani, watu wanajilaza adhuhuri bila hata feni.

Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kuingia. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki mita 3. Aliyepima chumba ni mti. Katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Hewa ya moto hupandia hapo ikatoka. Nje, vichochoro ni vyembamba, nyumba hii huitilia kivuli ile, na vile vinavyoteremkia baharini huleta upepo hadi mlangoni. Hata birika la msalani lilifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mama ananiambia, "Mwanangu, dirisha hilo usilizibe, ndilo lipitishalo upepo." Katika kazi zangu za ujenzi ughaibuni sikupata kusikia maelezo bora ya nyumba.

Ukuta wa upande wa kisima, hata hivyo, unamomonyoka. Uliwahi kupigwa lipu ya saruji. Matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikakusanyika nyuma yake, kisha lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Nimeliona hilo mtaa mzima, na linaniuma, kwa kuwa wengi walidhani wanaimarisha nyumba.

Simlaumu anayejenga kwa matofali ya saruji. Familia zimekua, na mikoko nayo haiwezi kukatwa tu kila mtu anapotaka boriti: zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu, na ndiko samaki na kaa wanakokulia. Lakini ghorofa linalopandishwa bila kiwanda, madirisha yakitazama ukuta wa jirani, humnyima upepo aliye ndani na aliye nyuma yake. Kisha wote wawili wananunua viyoyozi.

Linalonitia hofu zaidi ni vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani na mji wetu. Mvua hupenya pale ikahifadhiwa chini, maji matamu yakiwa yameelea juu ya maji ya chumvi, na mji wetu umeishi kwa maji hayo. Ukijenga juu ya mchanga huo unaziba njia ya mvua na kuingiza maji machafu ya vyoo. Ukivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda. Visima vingi vya mjini tayari havinyweki. Nawaomba wenzangu wa Shela na Langoni: kiwanja cha pale kikitangazwa, tusikinunue, hata bei ikiwa nzuri kiasi gani.

Mimi naanza na ukuta. Saruji itabanduliwa pole pole, jiwe liachwe likauke hadi kusi iishe, ndipo lipigwe chokaa. Natafuta fundi mzee anayejua kuiloweka na kuipiga, na kijana wa kukaa naye ajifunze. Ujira wa wote wawili ni juu yangu.