Kabla ya Kumpa Mtu Pua Yangu

Tangu ile ajali ya bajaji pale Mwenge, pua yangu imelalia kushoto. Nyumbani wameshaizoea, mimi bado. Nikipigwa picha nageuza uso bila hata kufikiri, na usiku tundu la kushoto likiziba naamka koo limekauka. Mama aliposikia nataka upasuaji alisema, "Mwanangu, Mungu hakukosea kukuumba." Nikamwambia, mama, naomba kurudishiwa ile ile aliyoniumbia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza nani atanipasua. Swali hilo ndilo limenichukua muda mrefu kuliko yote.

Njia ya kwanza niliyoletewa ni filla, yaani dawa nzito inayodungwa chini ya ngozi ili kuijaza. Mwenzangu kazini alinitumia video ya saluni moja: sindano chache, nusu saa, unarudi zako kazini. Filla ya asidi ya hayaluroniki hujaza penye bonde, mgongo wa pua ukaonekana umenyooka, na baada ya miezi kadhaa au mwaka hivi mwili huiyeyusha. Haipunguzi pua wala haifungui njia ya hewa. Lakini kilichonitisha ni kwamba mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa, ngozi ya pua inaweza kufa, na wapo waliopofuka. Ipo dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidase, ila inatakiwa iwe hapo hapo, mikononi mwa mtu atakayeona ngozi imegeuka nyeupe na kujua maana yake papo kwa papo. Nilipiga simu kuuliza kama wanayo. Dada aliyepokea alinyamaza, halafu akanitajia bei. Nikaaga.

Daktari wa masikio, pua na koo ndiye aliyenionyesha tatizo lenyewe. Alichukua kibapa cha chuma kinachong'aa, cha baridi, akakiweka chini ya pua, akaniambia nipumue kawaida. Upande wa kulia ukatokea ukungu mpana juu ya chuma. Kushoto, doa dogo kama la kidole. Kisha akalivuta shavu langu pembeni taratibu, nikapumua, na hewa ikapita! Ukuta wa kati umepinda, akasema, na sehemu ya juu ya njia ya hewa imebana. Kunyoosha ukuta peke yake, ndiyo njia ya pili, kungenisaidia kiasi tu, na kwa nje pua ingebaki vile vile.

Basi ikabaki njia ya tatu, kurekebisha ndani na nje kwa pamoja, chini ya dawa ya usingizi. Hapo nimejifunza mengi kuhusu pua zetu. Ngozi ya pua nyingi za Kiafrika ni nene, kwa hiyo daktari akikata gegedu tu (ule mfupa laini wa pua) ili pua ipungue, ncha hupoteza umbo badala ya kuchongoka. Mara nyingi kazi ni kujenga: gegedu la ukuta wenyewe, la sikio au la ubavu huwekwa kama nguzo. Wengine huweka silikoni, ambayo huweza kuhama au kutokeza nje miaka ya baadaye, nami nimeikataa. Halafu kuna kovu. Mkato wa wazi hupita kwenye kijinyama kati ya matundu mawili, na sisi ambao makovu yetu huvimba lazima tuseme mapema. Nilimwonyesha daktari kovu la sikio langu nilipotobolea hereni.

Kuhusu daktari, nilianza na jina lake kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na ubingwa wake ni wa nini hasa. Udaktari peke yake hautoshi kwa pua. Niliomba picha za wagonjwa wenye ngozi kama yangu, zilizopigwa mwaka mmoja baadaye, kwa sababu ncha hubaki imevimba muda mrefu na picha ya mwezi wa kwanza haisemi kitu. Niliuliza nani atanilaza usingizi, damu isipokatika nakimbilia wapi, na ikibidi kurudia nani analipa. Kuna aliyenichorea pua mpya kwenye kompyuta na kutaka malipo ya awali siku hiyo hiyo. Istanbul, Uturuki, nako niliwaza, bei zao zinavutia, ila nikishatua Dar na homa, nani atanifungua bandeji?

Niliyemchagua aliniuliza nataka nini kabla hajaigusa pua. Akaniambia wazi kwamba haitanyooka kama rula, kwamba baadhi ya watu hurudi mezani mara ya pili, na kwamba nikisita niahirishe. Sijasita. Sasa nasubiri vipimo vya damu na picha ya CT, aspirini nimeambiwa niiweke kando, na mama ameshaomba ruhusa ya kulala hospitali usiku wa kwanza.